Jinsi ya kuchagua mpiga picha wa harusi Kisumu, Nakuru na Magharibi

Kamati nyingi za harusi huku kwetu humfikia mpiga picha zikiwa zimechoka. Hema limelipiwa, ng'ombe ameonekana, keki imeagizwa, magari yamehesabiwa, ndipo mtu anauliza, "Na picha je?" Kilichobaki kwenye daftari la mweka hazina ndicho kinachoamua. Bi harusi anafungua Instagram, anapenda picha tano za machweo, anatuma pesa.

Nimeratibu harusi Kisumu, Kakamega, Bungoma na mara nyingine Nakuru, na ushauri wangu mkubwa ni huu: usimlipe mtu kabla hujaona harusi moja nzima aliyoipiga, kuanzia kuvaa asubuhi hadi zawadi jioni, na kabla hujajua nani hasa atashika kamera siku yako. Mengine yote yanazunguka hapo.

Hatua ya 1: Iandike siku yako kabla ya kumpigia mtu simu

Ukimwambia mpiga picha harusi iko Kakamega, hujamwambia kitu. Bi harusi atavalia wapi? Na bwana harusi je? Kama bi harusi anatoka kwao Mumias na bwana harusi amelala hotelini Kisumu, mtu mmoja hawezi kuwapiga wote wawili wakijiandaa. Hapo ama mtafute wapiga picha wawili, ama mkubaliane mapema ni upande gani utakosa picha za asubuhi. Karamu ni hotelini, uwanja wa shule au nyumbani chini ya hema? Zawadi huanza saa ngapi kwa kweli, si kwa ratiba iliyochapishwa?

Andika pia ni sherehe ya aina gani. Ayie ya Wajaluo, koito ya Wakalenjin na ruracio ya Wakikuyu wa Nakuru si harusi ya kanisani iliyopunguzwa ukubwa. Mazungumzo ya wazee mara nyingi hufanyika sebuleni, dirisha moja, watu wamebanana kwenye makochi, na kuna wazee wasiotaka kamera kabisa wakati mahari inahesabiwa. Isukuti ikiingia uwanjani kwa Waisukha au Waidakho, ngoma haimngojei mtu arekebishe kamera yake. Mtu aliyezoea kuwapanga maharusi wawili bustanini anaweza kupotea kabisa katika siku kama hiyo.

Kisha tarehe. Agosti na Desemba shule zimefungwa na watu wa Nairobi na ng'ambo wako nyumbani, kwa hiyo kila Jumamosi ya miezi hiyo inapiganiwa. Ukitaka mtu mzuri Desemba, mtafute kabla ya katikati ya mwaka. Waadventista wana nafuu hapa, maana harusi zao nyingi huwa Jumapili na wapiga picha wengi siku hiyo wako huru.

Sasa jua, jambo ambalo kamati husahau kila mara. Sisi tuko juu ya mstari wa ikweta, na kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana jua liko karibu na utosi. Mwanga unatoka juu moja kwa moja, paji la uso linang'aa, macho yanageuka mashimo meusi. Huo ndio wakati ambao ibada nyingi huisha na watu wote humwagika nje kupigwa picha ya pamoja. Mwanga mzuri huja kuanzia saa kumi na moja jioni, na hauna subira: jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, na giza la ikweta huanguka haraka. Kama ratiba yako inaonyesha keki saa kumi na moja na hotuba za wazee hadi saa moja, zile picha za machweo ulizozipenda hutazipata hata ukimleta bingwa wa dunia. Tenga nusu saa hapo, iandike kwenye ratiba, na umwambie mshereheshaji aiheshimu.

Mvua nayo. Kakamega, Kisii na Kericho, mvua ya alasiri si habari mpya kwa mtu yeyote. Andika mahali pa kukimbilia: veranda, ukumbi wa kanisa, chumba chenye dirisha kubwa.

Hatua ya 2: Amueni pesa, na mmalizane na suala la nyathiwa (mtoto wetu)

Mkiwa kwenye kikao cha kamati Kisumu, lazima atatokea mjomba wa kusema, "Kwani tunalipa mtu wa nini? Si tuko na nyathiwa mwenye kamera?" Mtoto wetu huyo anaweza kuwa na kipaji cha kweli. Mpitishe kwenye hatua ya nne kama mtu mwingine yeyote. Akifaulu, mlipe kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu mtu anayepiga picha bure ni mgeni mwalikwa: chakula kikiiva ataketi kula na binamu zake, na huna la kumwambia. Akikosa kufaulu, mpeni kazi ya kupiga picha za simu za watoto na wapishi. Zinapendeza sana, na hakuna atakayelia zikikosa.

Kuhusu kiasi, sitakupa bei, maana tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa mno. Nitakuambia tu wapi pa kukata. Afadhali mpiga picha mzuri bila video kuliko wote wawili wa kubahatisha. Kata droni kwanza, kisha picha za kabla ya harusi, kisha albamu ya ngozi (mnaweza kuichapisha mwaka ujao). Usikate saa za kazi, na usikate mpiga picha wa pili kama wageni ni wengi.

Mkimleta mtu kutoka Nairobi, kumbukeni ni takribani kilomita 350 hadi Kisumu. Atalala usiku wa kuamkia harusi, pengine na usiku wa harusi yenyewe, na msaidizi wake pia. Hesabuni usafiri na malazi kabla ya kulinganisha bei yake na ya mtu wa Kondele.

Hatua ya 3: Kusanya majina kutoka kwa watu waliokwisha kulipa

Tafuta maharusi wa mwaka jana na uwaulize maswali mawili: picha zilifika lini, na mpiga picha wenu alipokea simu baada ya kulipwa salio? Waulize pia wapambaji na washereheshaji. Hao humwona mpiga picha akifanya kazi kila wiki, wanajua nani huchelewa na nani hugombana na mapadre. Ila fahamu kwamba baadhi yao hupata kitu kidogo kwa kila mteja wanayemleta, kwa hiyo jina likitajwa na watu wawili wasiojuana lina uzito zaidi. Majina manne au matano yanatosha.

Hatua ya 4: Omba harusi moja nzima

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Tuma ujumbe kama huu:

"Habari yako kaka. Tunafunga ndoa Jumamosi ya pili ya Desemba, kanisani Kakamega mjini, karamu nyumbani Khayega chini ya hema, wageni kama mia tatu. Tungeomba utuonyeshe picha zote ulizomkabidhi mteja mmoja, harusi inayofanana na yetu. Si zile bora pekee, zote."

Anayeifanya kazi hii kwa dhati atakuwa na kiungo cha kukutumia, au atakukaribisha studioni uone kwenye kompyuta. Maharusi wengine hukataa picha zao kuonyeshwa, na ni haki yao. Lakini mtu akikuambia wateja wake wote wamekataa, endelea na jina linalofuata.

Usizitazame ukiwa ndani ya matatu. Keti, na uzikuze.

Anza na gauni na nyuso. Kamera ikiachiwa ijiamulie, weupe wa gauni huidanganya: inapunguza mwanga, na nyuso zetu nyeusi zinazama gizani. Mpiga picha mwingine anakimbilia upande wa pili, anaongeza mwanga hadi nyuso zionekane na gauni linabaki shuka jeupe lisilo na ushonaji wowote. Tafuta picha ambayo bwana harusi amevaa suti nyeusi na bi harusi amesimama ubavuni mwake. Ikuze. Unaziona nyuzi za lesi kifuani pa gauni? Unauona mshono wa ukosi wa suti? Na ngozi zao, je, ni rangi yao ya kweli, kila mmoja na weusi wake? Vyote vitatu vikiwepo katika picha moja ya saa saba mchana, umempata mtu anayeijua kamera yake.

Halafu nenda kwenye hema. Wapambaji wetu wanapenda vitambaa vya zambarau, buluu na kijani, na jua likipenya pale juu rangi hiyo humwagika juu ya kila mtu. Tazama picha za meza kuu. Mama mzazi aliyevaa kitenge chekundu, uso wake una rangi gani? Kama una ubuluu, angalia picha zinazofuata uone kama mpiga picha aligundua na kutumia flashi, au alisawazisha rangi baadaye. Asiyegundua katika harusi ile hatagundua katika yako.

Kanisani, itafute picha ya pete. Makanisa mengi yana dirisha kubwa nyuma ya madhabahu, na ukipiga kuelekea huko maharusi wanageuka vivuli. Tena mapadre na wachungaji wengi hawaruhusu flashi wala kutembeatembea mbele wakati wa ibada, kwa hiyo mpiga picha anahitaji lenzi inayoweza kuvuta kutoka mbali na kamera inayovumilia mwanga hafifu. Picha ya pete ikiwa na chengachenga au imetikisika, basi na nyingine nyingi za ndani zitakuwa hivyo.

Nenda mwisho wa faili, kwenye ngoma na zawadi. Watu wanaonekana wakicheza, au ni ukungu wa mikono? Zawadi zipo kweli, au picha zinakoma kwenye keki? Kama zinakoma kwenye keki, uliza kwa nini. Huenda saa zake zilikuwa zimekwisha.

Mwisho hesabu watu. Kuna wapiga picha wanaokupa viatu vya bi harusi kwa kila pembe, pete juu ya ua, pete juu ya Biblia, chupa ya manukato, na nyanya mzaa mama haonekani popote. Nyanya alisafiri na matatu mbili kutoka Siaya. Ninapenda picha za viatu kama mtu mwingine, lakini baada ya miaka kumi utamtafuta nyanya.

Kuhusu uhariri nina msimamo, na unaweza kuupuuza. Sipendi ngozi iliyolainishwa hadi mtu wa miaka sitini hana mkunjo hata mmoja, na sipendi kabisa bi harusi kutoka mweupe kuliko alivyozaliwa. Pia kuna mtindo wa kugeuza kila kijani kuwa rangi ya udongo, kana kwamba Kakamega ni jangwa. Kama wewe unaupenda, sawa, ila jua kwamba huo ni mtindo wa mtu huyo na hataubadilisha kwa ajili yako. Mchague unayependa alivyo sasa.

Ukitaka video, omba kusikia viapo vya harusi moja, si kutazama ile ya dakika tatu yenye muziki. Viapo visiposikika, au vikifunikwa na mwangwi wa spika za kanisa, ina maana hakumwekea bwana harusi kipaza sauti kidogo kwenye ukosi. Sauti iliyoharibika hairekebishiki kama picha.

Hatua ya 5: Kutaneni, na uulize nani atakuja

Jambo linaloleta machozi mara nyingi ni hili: umeongea na mwenye studio, ukapenda kazi yake, kisha saa kumi na mbili asubuhi ya harusi anasimama langoni kijana usiyemjua, begi lina nembo ya studio, na maneno yake ya kwanza ni, "Bosi amenituma." Bosi yuko kwenye harusi nyingine, kubwa kuliko yako. Kijana huenda ana bidii, lakini picha ulizozikuza siku ile hakuzipiga yeye.

Kwa hiyo uliza waziwazi: "Siku hiyo ni wewe mwenyewe utakayepiga?" Kama ni mwingine, omba kuona harusi nzima aliyoipiga huyo mwingine. Studio nzuri haichukii swali hili.

Mengine ya kuuliza:

Una kamera ngapi? Moja haitoshi. Kamera huanguka, huingiwa na mvua, hugoma tu.

Kamera yako inaandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja? Kadi moja ikiharibika, picha zote za ibada zinaenda nayo. Kadi mbili zikiandikwa pamoja, moja inabaki. Mpiga picha akishangaa swali hili, nami nitamshangaa.

Usiku wa harusi picha zinalala wapi? Jibu ninalotaka kusikia ni kwamba hanyoi ndevu wala hali chakula kabla hajazinakili kwenye diski mbili, na moja haikai nyumba moja na nyingine.

Ukiugua? Ataje mtu kwa jina.

Umeme ukipotea? Hapa kwetu hilo si swali la kinadharia. Aje na betri za kutosha siku nzima, na taa za video zisizotegemea waya.

Angalia pia tabia. Mtu huyu atakuwa chumbani bi harusi akifungwa gauni, na atamwambia baba mkwe asogee kushoto. Anaongeaje na wazee? Anawaita kwa heshima, au anawapigia watu vidole? Kwa bibi harusi wengine, hasa wa familia za Kiislamu au zenye maadili ya kanisa makali, mwanamke ndiye anayefaa kwa picha za kuvaa, na wapo wanawake wazuri sana katika kazi hii Kisumu na Nakuru. Usione haya kuliomba hilo.

Hatua ya 6: Mahali pa picha, na vibali vyake

Dunga na Hippo Point ni pazuri mno jioni, ila magugu maji yana miguu. Upepo ukigeuka, ziwa ulilolitazama Ijumaa limefunikwa na zulia la kijani Jumamosi. Muulize mpiga picha atafanya nini hilo likitokea. Usikubali kusogezwa kwenye matete ya ukingoni kwa ajili ya picha nzuri giza likiingia, viboko hutoka majini muda huo. Na taa zikiwashwa karibu na ziwa, wadudu wa ziwani huja kwa mawingu na kutua juu ya gauni jeupe, kwa hiyo picha za usiku pale zipigwe haraka au zisipigwe.

Nakuru, wengi bado huja na ndoto ya ziwa la waridi. Maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana tangu miaka ya 2010 na flamingo wengi walihamia kwingine, hasa Bogoria. Hifadhi bado inapendeza, lakini chagua mpiga picha aliyefika huko karibuni, anayejua barabara ipi ilizama na wapi pana mwanga. Menengai kwenye ukingo wa kreta kuna upepo mkali, na shela ndefu itamkaba mtu au itapaa. Wengine wanafurahi kwa hilo. Kit Mikayi upande wa Seme na Jiwe la Kulia la Ilesi barabara ya Kakamega ni sehemu ambazo wenyeji wanaziheshimu, basi muongee na walinzi wa pale kabla ya kufika na msafara wa magari.

Ndani ya hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori, ikiwemo Impala ya Kisumu, mna kiingilio, na upigaji picha wa kibiashara una masharti yake. Mpiga picha aulize mapema, si langoni mkiwa mmevaa.

Droni ina sheria. Kanuni za mwaka 2020 zinataka chombo kisajiliwe na mwendeshaji awe na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko karibu kabisa na mji, na anga ile si ya kuchezea. Kwenye hifadhi za wanyama hairushwi bila ruhusa ya KWS. Mwombe mwenye droni akuonyeshe karatasi. Akisema "hiyo tutapanga na askari," mwambie droni yake aiache nyumbani.

Hatua ya 7: Mkataba, hata wa ukurasa mmoja

Hata kama ni mwana wa dada yako. Uandike majina ya watakaopiga, tarehe, mahali pote, na kazi inaanza na kuisha kwenye tukio gani. Sipendi mikataba ya "saa nane za kazi." Bi harusi akichelewa saa mbili, na huchelewa, saa zinakatika kabla ya keki. Andikeni: kuanzia kuvaa hadi mwisho wa zawadi, na baada ya hapo kila saa ni kiasi fulani. Andikeni idadi ya chini ya picha zilizohaririwa, kwamba ni faili kubwa za ukubwa kamili, na tarehe ya kukabidhi. Wiki sita hadi nane ni muda wa kawaida. Ombeni chache za awali ndani ya siku tatu, kwa ajili ya shukrani kwenye WhatsApp.

Malipo yagawanyeni. Tuseme mmekubaliana 80,000: 30,000 ya kushika tarehe, 30,000 wiki ya harusi, 20,000 mkishapokea picha zote. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayomkumbusha, basi isiwe ndogo. Anayetaka pesa zote mbele mwambie hapana kwa upole. Tumeni kwa M-Pesa kwenye namba ya biashara au jina lililo kwenye mkataba, si kwa namba ya "msaidizi wangu." Na iandikwe mkiahirisha kwa msiba pesa ya kwanza inahamia tarehe mpya, kwa sababu misiba huku haitoi taarifa.

Kuna kipengele ambacho wapiga picha wenyewe huwa hawakijui. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ikiwa imeagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma basi kama mkataba wake unasema vingine. Kumpa ruhusa ya kuonyesha picha chache kwenye kurasa zake ni jambo la kiungwana. Kumruhusu auze picha zako kwa hoteli itangaze bustani yake ni jambo jingine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa nguvu ya kukataa sura yako isitumiwe kibiashara bila idhini. Watajeni na watoto kwenye mkataba.

Hatua ya 8: Wiki ya harusi

Mpe mpiga picha orodha ya picha za makundi. Kila kundi huchukua kama dakika tatu kwa sababu shangazi mmoja huwa ameenda kutafuta mkoba. Makundi ishirini ni saa nzima juani. Punguza hadi kumi, na uteue mtu mmoja kila upande anayewajua jamaa kwa sura na ana sauti. Mpiga picha hawezi kumtambua baba mdogo wa Busia. Wazee wapigwe kwanza, waende kukaa. Na uchague kivuli: mwembe, ukuta wa kanisa, popote nyuso zote ziko kivulini sawasawa badala ya madoa ya jua.

Mpigie padre au mchungaji, uulize kamera inaruhusiwa kusimama wapi. Mwambie mpambaji meza kuu isikae mgongo ukiangalia jua la jioni. Amueni kuhusu wale wapiga picha wa kujileta wanaokuja na printa na kutandaza picha kwenye nyasi wageni wazinunue. Mimi huwaacha, wageni wanawapenda, lakini wanakaa nyuma ya mtu wenu wakati wa pete na keki, na kuna kijana wa kuwaambia hivyo asubuhi.

Na mpiga picha ale. Apewe sahani mapema, wakati maharusi wanakula, kwa kuwa hakuna anayetaka kupigwa picha akitafuna.

Hatua ya 9: Picha zikifika

Usitume salio kabla ya kufungua. Zihesabu, fungua kadhaa kutoka kila sehemu ya siku, hakikisha hazijatumwa kupitia WhatsApp kama picha za kawaida, kwani WhatsApp huzibana na zikichapishwa kubwa zinavunjika. Zikiwa kwenye Google Drive, zipakue siku hiyo hiyo. Wengi hufuta kiungo baada ya miezi kadhaa kupata nafasi. Weka nakala kwenye diski mbili, moja ikae kwa ndugu mji mwingine. Kisha lipa salio, na umwandikie maneno mazuri hadharani kama ameyastahili.

Zikichelewa, anza kwa ujumbe wa kawaida, kisha barua yenye tarehe ya mwisho. Mtu akishindwa kabisa kukabidhi au kurudisha pesa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nenda na mkataba, mazungumzo yenu ya WhatsApp yakiwa yamechapishwa, na taarifa za M-Pesa za kila malipo.